Mchezaji wa Pili

Mke wangu Mi-ran hakuwa mtu wa kuamini mizimu. Yeye na kompyuta zake tu. Katika maabara ya chuo kimoja hapa mjini Daejeon, kazi yake ilikuwa kunasa mwendo wa binadamu, ili watengenezaji wa filamu wautumie kuwatembeza watu wa kuchorwa. Unamvika mtu nguo ya kubana iliyobandikwa vitufe vinavyong'aa. Kamera zinazouzunguka ukumbi zinaona vitufe peke yake, na kwenye skrini mtu huyo anabaki kundi la nukta nyeupe zinazotembea kwenye weusi.

Asubuhi hiyo walimleta Bibi Ok-bun, mganga kutoka kisiwa cha Jindo, mchezaji wa ngoma ya kuwasindikiza waliokufa maji. Ngoma yenyewe ilikuwa inapotea, na maabara ilitaka kuihifadhi.

"Mmenivalisha kama chura," bibi alilalamika. Wote wakacheka.

Yeye hakucheka. "Ngoma hii inaita. Humu ndani kuna aliyefiwa na mtu majini?"

Mi-ran aliangalia kibodi. Mdogo wake, Dal-rae, alizama kwenye bwawa la kijiji chao akiwa bado mtoto, na mwili haukupatikana. Jina lile halikuwahi kutajwa nyumbani kwetu.

Bibi akacheza. Chakula cha mchana kilipoletwa, Profesa Geum, mkuu wa maabara, akapiga makofi. "Inatosha, Bibi. Tumepata tulichotaka."

"Nimeita, sijaaga."

"Tutamalizia siku nyingine, Bibi yangu."

Bibi alivua ile nguo, akaondoka.

Alasiri, Mi-ran akafungua walichonasa. Nukta za bibi zilikuwepo, zinazunguka taratibu. Kando yake kulikuwa na kundi jingine dogo la nukta, lenye umbo la mtu anayemfikia kiunoni.

"Sakafu inarudisha mwanga," alisema profesa.

Wakatandika kitambaa cheusi, wakatoka, wakawasha kamera upya. Ukumbi ulikuwa mtupu. Nukta ndogo bado zilikuwepo. Zimekaa chini. Zimekumbatia magoti.

Mi-ran akaingia ukumbini akiwa na nguo zake za kawaida, hana kitufe hata kimoja, akatembea kuelekea ukuta wa mbele. Profesa alibaki chumba cha kamera akitazama skrini. Sauti yake ilitoka kwenye spika, ya chini kabisa.

"Usigeuke."

Baadaye alimwonyesha. Kile kiumbo kidogo kilikuwa kimeinuka na kumfuata, kikiburuta mguu mmoja.

Dal-rae alizaliwa na mguu mfupi.

Profesa aliogopa, akampigia simu Bibi Ok-bun arudi. Bibi alisimama mlangoni, akamtazama mke wangu moja kwa moja.

"Mwanangu, taja jina lake. Nimfungulie njia."

"Sina mtu, Bibi," alijibu Mi-ran.

Alidanganya. Maana kila mchana, wenzake wakienda kula, alikuwa akiingia ukumbini kutembea.

Niliyajua haya nilipomfuata siku moja kazini. Nilikuwa nimeona anavyokonda. Kucha zake zilikuwa za bluu. Nywele zilinuka tope la bwawa, hata akitoka kuoga. Nikamwona kupitia kioo cha chumba cha kamera: anakwenda polepole, mkono ameushusha, vidole amevifumba. Nikatazama skrini. Mtoto alikuwa amemshika mkono.

Mtoto akasimama.

Nukta za kichwa zikageuka. Zikanielekea mimi.

Nilimtoa mke wangu nje nikiwa nimemshika begani.

"Anakuvuta, Mi-ran."

"Anaogopa kukaa peke yake."

"Na mimi je? Nibaki na nani?"

Alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akaniambia, "Muite bibi."

Bibi Ok-bun alitandaza kitambaa kirefu cheupe, kutoka katikati ya ukumbi hadi mlangoni, akacheza ngoma yake yote. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Alipomaliza, alimsogeza mke wangu mbele.

"Dal-rae," alinong'ona Mi-ran. "Nenda, mdogo wangu. Mama alikutafuta sana."

Kwenye skrini nukta zilipanda juu ya kitambaa. Zikajikokota. Zikazimika moja moja. Ya mwisho ilikawia kidogo, kisha weusi mtupu.

"Ameenda," alisema bibi, akafunga mzigo wake. Profesa akafuta kila walichonasa.

Mi-ran alinenepa tena. Tumejaliwa mtoto wa kike, na wiki hii ameanza kutembea. Hashiki ukuta, hashiki kochi. Mikono yetu haitaki. Anainua mkono wake mmoja hewani, vidole amevikunja, na anatembea wima bila kuyumba, kama anayeongozwa na mwenzake aliyemzidi kimo kidogo.

Jana nilimchukua nimnawishe kabla ya chakula. Alikuwa hajagusa maji tangu asubuhi. Nikaufungua mkono ule. Kiganja kilikuwa cheupe, baridi, na ngozi ya vidole imejikunja, kama ya mtu aliyekaa majini siku nyingi.