Aliyejibu Istikhara

Semeni alikuwa akikanda unga wa chapati, mikono yote miwili imezama katika sinia, alipohisi vidole vikiipapasa tezi ya shingoni mwake. Vilipapasa kama alivyozoea kupapasa mwenyewe: vilianzia chini ya sikio, vikateremka taratibu, vikaukuta uvimbe, vikaubonyeza kidogo, kisha vikatulia juu yake kana kwamba vinapima ukubwa wa yai. Hakushtuka. Kwa majuma mengi mkono wake ulikuwa umeizoea njia ile hata haukuhitaji ruhusa yake. Alipotaka kuongeza maji ndipo alipoitazama mikono, akaiona yote miwili mbele yake, imeganda unga hadi vifundoni.

Jua lilikuwa la utosi. Uani hapakuwa na mtu ila mwanawe wa miaka mitatu, aliyelala mkekani. Hewa ilinuka udi uliomwagiwa maji ukiwa bado unawaka, na nyumbani mwake siku ile hapakuwa na chetezo kilichowashwa.

Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu wakimbizi wa vita wavuke daraja la Rusumo kwa malaki na kuvijaza vilima vya Ngara. Mji wa Biharamulo ulikuwa haulali kwa ngurumo za malori ya misaada. Abdulkarimu, mumewe Semeni, ambaye babu yake alitoka Pangani na mzigo wa nguo tangu enzi za Wadachi, alikuwa akishinda njiani kati ya Nyakanazi na kambi ya Benaco, akiuza mablanketi na khanga. Semeni alibaki nyumbani na tezi yake. Ilikuwa imevimba tangu mwisho wa masika, haiumi, haipungui. Daktari alikata kinyama kidogo, akakitia katika kichupa, kikapelekwa Mwanza kupimwa.

"Inaweza kuwa jambo dogo, mama, na inaweza kuwa kubwa," daktari alimwambia. "Sitaki kusema nisilolijua. Tungoje."

Na kungoja, enyi mnaosoma, ni maradhi yasiyo na kitanda. Semeni alianza kusoma dalili katika kila kitu. Kunguru akitua juu ya bati, aliona kaburi. Maziwa yakikataa kuganda, aliona mwanawe akilelewa na mama wa kambo. Chakula kilimgeuka majivu mdomoni. Ndipo usiku mmoja alipotia udhu, akasali rakaa mbili za istikhara, na baada ya kutoa salamu akanyanyua mikono. Lakini dua aliyoomba haikuwa ya kuongozwa katika kuchagua jambo, kama walivyotufundisha wanavyuoni wetu. Aliomba aambiwe. Akalala juu ya msala akingoja ndoto, na ndoto haikuja.

Kilichokuja ni vile vidole, kesho yake adhuhuri. Na kabla hajainuka penye sinia, nyuma ya pazia la chumbani ikasikika sauti ya tasbihi ikivutwa, punje baada ya punje, kisha sauti ya mwanamke, laini, yenye lafudhi ya Pangani, sauti ya marehemu mama yake.

"Ni heri, Semeni. Huna lolote."

Hofu ikamtoka kama maji yanavyotoka katika ndoo iliyotoboka. Akakaa, akalia kwa raha, akamaliza chapati zake.

Tangu siku hiyo sauti ilimjia kila jua lilipofika utosini, na kila ilipokuja ilimwambia neno lile lile. Semeni akanenepa kidogo. Akaimba. Tezi nayo ikaongezeka hata kola ya gauni ikakataa kufungika, lakini hilo alilitazama katika kioo kama mtu atazamaye shingo ya mwingine.

Siku moja Adelfina, jirani yake, Mhangaza aliyeolewa Biharamulo na aliyekuwa akifua mashuka hospitalini, aliingia bila hodi.

"Jirani! Majibu yako yamefika kutoka Mwanza. Daktari anakutaka kesho asubuhi."

"Mwambie ahsante."

"Nimwambie ahsante? Kwani amekuletea samaki?"

Semeni akacheka. "Nimekwisha kujua, Adelfina. Ni heri."

"Umejua kwa nani? Mimi niko pale kila siku na sijaambiwa, na pale hakuna jambo nisiloambiwa."

"Nimeambiwa tu."

Adelfina akasogea, akamtazama usoni, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Juma lililopita ulikuwa huwezi hata kumeza uji kwa hofu. Leo shingo imezidi, nawe unacheka. Na mbona hupepesi macho, Semeni? Tangu nimeingia hujapepesa." Akafanya ishara ya msalaba. "Yezu wangu," akanong'ona, akatoka kinyumenyume.

Kesho yake Semeni hakwenda hospitali, wala keshokutwa.

Jioni ya siku ya tatu, karibu na magharibi, alikuwa ameketi kando ya jiko, karai la mafuta linachemka, anakaanga maandazi. Mwanawe akaja akitambaa kwa mchezo, akasimama, akanyoosha mkono kuushika ukingo wa karai. Semeni alimwona. Alijua kuwa mafuta yanachemka, alijua kuwa yule ni mwanawe, alijua kuwa mama huruka mahali kama hapo, akakitafuta ndani yake kile kitu kinachomrusha mama, akakitafuta kwa utaratibu, kama mtu atafutaye sindano katika kasha, hapa hakipo, hapa hakipo, na huku akitafuta vidole vya mtoto vikazidi kusogea, na nyuma ya pazia punje za tasbihi zikavutwa kwa haraka, na ile sauti ya mama yake ikasema kwa upole, ni heri, ni heri, ni heri, hata akasikia kishindo na kilio, akamwona Abdulkarimu, ambaye ndiyo kwanza anarejea safari, amemkumbatia mtoto, na mafuta yamemwagika juu ya mguu wake mwenyewe.

"Semeni! Ulikuwa unatazama nini?"

"Nilikuwa natazama," akajibu.

Mume huyo, mguu ukimtoka malengelenge, hakwenda kutafuta dawa kwanza. Alikwenda kumwita Bi Swaumu.

Bi Swaumu alikuwa mjane aliyewafundisha wasichana Kurani, akiogopwa kwa fimbo yake na zaidi kwa ulimi wake. Aliingia, akanusa, akavuta kigoda. Hakuleta kombe la aya la kunywesha wala ubani.

"Shikamoo, Bi Swaumu."

"Marahaba. Nani aliyekuambia ni heri?"

"Mama."

"Mama yako nilimkosha kwa mikono hii. Walioondoka wana shughuli zao, hawasimami nyuma ya mapazia. Ulifanya nini hata akaja?"

Semeni akamweleza ile istikhara. Bi Swaumu akafumba macho.

"Ewe mtoto, istikhara ni ya kuchagua, si ya kuchungulia. Ulibisha hodi katika nyumba ya ghaibu, akakufungulia asiye mwenye nyumba. Nijibu hili: alipokuambia ni heri, alisema inshallah?"

Semeni akafikiri. "Hakusema."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Abdulkarimu, pale mlangoni, akatamka audhubillahi.

"Mtume wetu mwenyewe alifundishwa asiseme 'nitafanya kesho' pasipo neno hilo," alisema Bi Swaumu. "Huyu ni nani asiyelihitaji? Majini hao huiba neno moja la kweli, wakalifunga katika uongo mia, kisha wakauuza mzigo mzima. Bei yake wameichukua kwako, nayo ni hofu yako. Mwenyezi Mungu alikupa uitumie. Sasa weka mkono wako shingoni, wako wewe, useme: 'Sijui. Ajuaye ni Mungu.'"

Semeni akaweka mkono, akafungua kinywa, na ulimi ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Bi Swaumu akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya chini isiyotetereka, na hapo taa ya kandili ikazama hata ukabaki ukanda mwekundu wa utambi, na pazia, ambalo halikuwa na upepo wa kulisukuma, likaanza kuvutwa ndani na kutolewa nje kama ubavu wa mnyama aliyekimbizwa, na ile harufu ya udi uliolowa ikajaa hata Abdulkarimu akashika ukuta, na juu ya mkono wa Semeni, ule aliouweka shingoni, vikatua vidole vingine, baridi, virefu, vikaanza kuubandua kidole kwa kidole, na kutoka katika kinywa chake mwenyewe ikatoka sauti isiyo ya Pangani wala ya mahali popote, ikisema, "Anajua! Anajua! Mwacheni, anajua!" na Bi Swaumu hakupandisha sauti wala hakuishusha, alisoma akarudia, akasoma akarudia, mpaka Semeni, jasho likimtiririka, akang'ata ulimi wake, akaonja damu yake, akasema:

"Sijui."

Kandili ikainuka. Pazia likaning'inia.

"Malizia."

"Ajuaye ni Mungu."

Kisha hofu ikamrudia, yote kwa pamoja. Akamkumbuka mtoto na lile karai, akapiga ukelele, akamrukia mwanawe, akamshika vidole kimoja kimoja huku akitetemeka hata meno yakagongana.

"Lia," Bi Swaumu akamwambia, naye macho yamemlowa. "Lia, mwanangu. Hiyo ni mali yako."

Asubuhi yake alikwenda hospitali, mumewe akichechemea upande mmoja na Adelfina upande wa pili. Daktari alimwambia kuwa si saratani. Ni kifua kikuu cha tezi. Dawa zipo, zitachukua miezi, asikatize hata siku moja. "Ila mngekawia zaidi, mama, tungekuwa na maneno mengine."

Akameza dawa. Tezi ikapungua, ikawa kama harage, kisha ngozi ikalala. Watu wakasema yamekwisha, na huenda ndivyo.

Lakini alasiri moja, akiwa peke yake akichambua mchele, utulivu ulimshukia. Ulikuwa mtamu. Hakukuwa na harufu yoyote, wala tasbihi, wala sauti. Yamkini ulikuwa utulivu wake mwenyewe, wa mtu aliyepona. Kwani nani mwenye haki nao zaidi? Alikaa nao kitambo, akiukagua. Mtu angejuaje? Akaona iko njia moja tu ya kujua. Akaweka ungo chini, akaenda nyuma ya nyumba penye kisima, akaondoa bati, akainama juu ya lile shimo.

Maji yalikuwa mbali, meusi. Moyo haukuruka. Akainama zaidi, mpaka kifua kikavuka ukingo, na udongo uliokuwa chini ya unyayo wake ukaporomoka, na baada ya muda mrefu akausikia ukianguka majini. Akasikiliza ndani yake. Akainua mguu mmoja.

"Mama wee!" Adelfina, aliyekuwa akianika nguo upande wa pili wa ua wa miti, aliuruka, akamdaka kwa upindo wa khanga. "Semeni! Unatafuta nini humo?"

Semeni akamgeuzia uso, uso mkunjufu, mzuri, kama wa mtu aliyeamka usingizini.

"Hofu yangu," akasema. "Bado sijaiona."

Adelfina akaukunja ule upindo mara mbili mkononi mwake, akaita majirani kwa sauti yake yote. Kati yao wawili, aliyetetemeka alikuwa yeye.