Betri za Fundi wa Lifti

Rafiki yangu ni fundi wa lifti, si mtu wa kutunga. Alinisimulia haya huku bado ana hasira.

Mwenzake alianguka kwenye shimo la lifti akafa, baada ya tochi kuzimika. Tochi yenyewe ilikuwa ya maana, ila bosi aliinunulia betri za kuchaji za ovyo. Maziko yakapita, bosi akaleta zilezile.

"Betri ni betri," akasema.

"Basi shuka nazo wewe," rafiki yangu akamjibu.

Akaenda dukani mwenyewe. Akachagua betri mbili nzuri, akafungua pakiti kwa mkono wake, akazichaji mpaka taa ya kijani ya chaja ikawaka, akazitia kwenye tochi.

Marehemu alikuwa na mazoea yake. Kila betri aliizungushia utepe mwekundu ili jozi zisichanganyike, na utepe aliukata kwa meno.

Mchana huo rafiki yangu akashuka peke yake. Tochi ikazimika. Gizani, karibu kabisa na sikio lake, kitu kikabanduka taratibu, krrr, kikanyamaza. Tochi ikawaka yenyewe.

Akapanda juu huku akimtukana bosi, akidhani amembadilishia betri. Alipofika kwenye mwanga akaifungua tochi.

Betri zote mbili zilikuwa na utepe mwekundu. Ncha zake zilikuwa na alama za meno, na bado zimelowa mate.