Mwatiko wa Posa

Asubuhi, ukumbi wa samaki wa Liwatoni hauna adabu. Wachukuzi wapiga kikumbo, wanunuzi wapayuka, maji ya barafu yenye magamba yapita baina ya vidole vya miguu. Katika fujo hiyo akaingia Hussam na viatu vyeupe. Vyeupe pepe, Liwatoni! Swafia alimtazama toka utosini, na alipofika chini akaangua kicheko.

"Samahani, dada. Nayatafuta matangi ya vifaranga."

"Vitafutie viatu vyako sanda kwanza."

Yeye mwenyewe alikuwa amekunja buibui juu ya buti za mpira, mtandio wa manjano kaufunga kisogoni, mkononi kimia cha mpini cha kuchotea. Matangi hayo yalikuwa yake kuyalea: vifaranga vya samaki wa mwatiko, vyembamba kama sindano, macho matupu.

Hussam alikuwa bingwa wa kompyuta, ofisini Mbaraki. Alitaka vipimo vya vifaranga ili atabiri samaki hao wakihamia bwawani watakuwa na ukubwa gani miezi ijayo. Siku moja alimwonyesha Swafia utabiri wenyewe kwenye simu: mstari mmoja, wapanda kuelekea mbinguni.

"Huyu samaki wako hapumziki?" Swafia akauliza. "Akifika utu uzima si atakuwa nyangumi!"

"Wewe nipe vipimo, hesabu niachie mimi."

"Hesabu! Na kola hiyo imekushinda kupiga pasi."

Alimdharau kwelikweli. Na kila jioni akaiweka simu kando ya jiko, isije ikalia asiisikie.

"Wafanyani, kipenzi?"

"Nakaanga viazi. Na kipenzi ni nani hapa? Wewe waitwa Viatu."

"Basi Viatu akupenda."

"Shauri lake." Lakini viazi viliungua.

Posa ikapangwa. Mamake Hussam, Bi Jana, mwanamke wa bangili hadi viwikoni, akautangazia Mji wa Kale wote kwamba sinia la posa halitakuwa na halua ya dukani. Litakuwa na mwatiko wa bwawa alilolitabiri mwanawe, kila mmoja urefu wa mkono. Mstari ulisema hivyo, nani aubishie?

Siku ikafika. Sebuleni kwa kina Swafia, Kibokoni, udi wafuka, mashangazi wamejipanga na madira yao ya hariri, Swafia yu nyuma ya pazia na asumini kichwani. Shangazi Ruweida akafunua kitambaa cha zari. Samaki walilala pale, hata kiganja hawakizidi.

"Bi Jana," akasema, "hawa ni wa kula au ni wa kuning'iniza masikioni?"

Sebule nzima ikavunjika mbavu. Hussam, kanzu imemganda kwa jasho, akabwata: "Vipimo alinipa Swafia!"

Kicheko kikakatika. Mashangazi wakaligeukia pazia. Swafia akatoka mwenyewe.

"Sinia lirudi lilikotoka," akasema. "Na aliyelileta."

Kesho yake Hussam akapiga simu asubuhi, adhuhuri, alasiri. Mwishowe Swafia akapokea.

"Mwanamume akiaibika hujificha nyuma ya buibui?"

"Nilikosa, Swafia. Mbele ya watu nilikosa, na kwenye hesabu nilikosa. Nilichukua mbio za utotoni nikamvisha samaki maisha yake yote. Kifaranga hukua kwa pupa. Akihamia bwawani hupunguza mwendo, na akipevuka nguvu zake huenda kwenye mayai."

"Hilo hata paka wa Marikiti alijua." Akakata.

Asubuhi iliyofuata akaenda kulisha vifaranga, bado amefura. Akanyunyiza chakula, akatia kimia kama desturi yake. Vifaranga wanene wakajaa tele. Chini kabisa tangini, wale wembamba walibaki wamejibanza, wangoja masazo.

Swafia akakitazama kimia, akawatazama walio chini. Siku zote alichota wakati wa kulisha, maana ndipo wanapojileta juu. Siku zote alipima walafi. Wanyonge hakuwahi kuwapima. Basi kile kicheko cha sebuleni, nusu ilimstahili yeye.

Angenyamaza, nani angejua? Akapiga simu.

"Viatu."

"Naam!"

"Njoo na mizani yako. Nami nina aibu yangu ya kukuonyesha."

Akaja mbio, amevaa buti za mpira zilizompwaya kama ndoo. Wakapunguza maji, wakachota toka chini, wanene kwa wembamba. Ule mstari wa mbinguni ukakatika vipande vitatu: utoto, ujana, utu uzima, kila kimoja na mwinuko wake.

"Sasa wasemaje mstari wako?"

"Mwatiko watafika mkono baada ya Idi. Nirudi na sinia wakati huo?"

"Rudi Ijumaa hii."

"Na wale wadogo wa bwawani?"

"Hao hao. Nitawakaanga wakauke, shangazi Ruweida awatafune na miiba nikimwambia kosa langu." Akazitazama zile buti. "Na uje na hizo. Vile vyeupe mpe maskini. La, usimpe, maskini naye ana heshima yake."