Glavu ya Zamu ya Mchana

Mererid ni jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na haya simsengenyi; kanisimulia mwenyewe. Jumamosi moja alitoka na mdogo wake, Lowri, kwenda kutembea kwenye maporomoko ya Pontalcan, hapa hapa kwetu Wales, penye magofu ya kiwanda cha bati.

Marehemu bibi yao aliwahi kufanya kazi pale, akibandua mabati yaliyogandana. Hakuna mwanamke aliyeacha nafasi yake mpaka wa zamu inayofuata avae ile glavu ya ngozi na kutamka, "Nimepokea." Bibi aliwaonya tangu utotoni: neno hilo pale halisemwi kwa mchezo.

Jua lilikuwa zuri. Walikula vikeki vya zabibu kavu, wakanywa chai ya chupa. Lowri alikuwa anaolewa baada ya wiki tatu, na siku nzima hakuongea kingine.

Saa nane mchana walishuka penye gurudumu la maji lililokuwa likiendesha kiwanda. Mwanamke alikuwa amesimama hapo, kavaa aproni ya ngozi inayochuruzika maji. Mererid alidhani ni wale wanaovaa kizamani kuwachangamsha wageni.

"Mwenzangu, nimechoka," mwanamke alisema kwa sauti ya chini. "Nishikie."

Akanyoosha glavu. Lowri akaivaa huku akicheka.

"We Lowri, ivue! Bibi alisema nini?"

"Aah, dada! Bibi si alikataza hata kupiga mluzi ndani ya nyumba?" Akapiga saluti. "Haya, mama. Nimepokea!"

Mwanamke akaangua kilio. "Mungu akulipe, mwanangu," alisema, akaanza kupanda njia. Hatua ya nne hakuwepo.

Ndipo gurudumu likaanza kulia. Gurudumu lenyewe limeoza, halina hata ubao mmoja mzima. Lakini lilikuwa linazunguka.

Glavu haikuvulika. Walivuta. Wakavuta tena, wote wawili, mpaka kucha za Mererid zikatoka damu. Miguu ya Lowri ikaanza kwenda yenyewe. Kuelekea majini.

"Dada, pokea!" alinong'ona. "Sema tu. Halafu na mimi nitakupokea. Naapa."

Mererid alifungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu. Na yule ni mdogo wake, aliyembeba mgongoni, aliyemsuka nywele. Lakini je, Lowri akishakuwa huru, atarudi kweli? Akaufunga mdomo.

Lowri alimtazama.

"Sawa, dada," akasema.

Maji yakamfunika. Gurudumu likanyamaza.

Wazamiaji walitafuta siku tisa, hawakupata hata kiatu. Polisi, Mererid aliwaambia kwamba Lowri aliteleza. Mimi aliniambia ukweli.

Sikumwamini, nisiwe mwongo. Jumamosi iliyopita nikampelekea mkate, saa nane kamili. Mlangoni kwake palikuwa na glavu ya ngozi, imelowa chapachapa, na mvua hatujaiona wiki nzima.

Nyuma ya mlango nilimsikia analia. "Bado, mdogo wangu. Nivumilie. Bado siwezi."

Nami na udadisi wangu, nikainama, nikaingiza kidole ndani ya glavu ile. Ngozi ilikuwa baridi kama maji ya mtoni. Ndani mlikuwa na joto la mkono.