Mama Sauti Abadilisha Kazi

Kila asubuhi ya kazi, Mama Sauti alikuwa wa kwanza kuongea katika ofisi ya maji. Alikaa kwenye chumba kidogo karibu na mlango wa mbele. Mezani kwake palikuwa na swichibodi, yaani mashine ya kuunganishia simu. Simu ikilia, alisema, "Ofisi ya maji, nikusaidie nini?" Kisha alisikiliza. Mmoja alisema bomba limepasuka. Mwingine alisema maji yana rangi ya chai. Wa tatu alikuwa na hasira tu, hata sababu yake ameisahau. Wote aliwasikiliza, akawaunganisha na wahusika.

Kazi hiyo aliianza kabla hajaolewa. Watu wengi hawakulijua jina lake halisi. Walimwita Mama Sauti kwa kuwa walimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Akiuliza bei ya nyanya gengeni, mtu wa nyuma yake aligeuka na kusema, "Kumbe ni wewe wa ofisi ya maji. Mtaa wetu mbona bado mkavu?" Mama Sauti alikwisha zoea. Alimjibu hapohapo, nyanya mkononi.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea. Alitengeneza mageti na madirisha ya chuma katika karakana ya mtaa wa pili. Walikuwa na binti mmoja, yuko sekondari. Walipanga vyumba viwili katika nyumba ya ghorofa.

Miaka ile mji wao ulikuwa unakua mbio. Barabara zilichimbwa, zikalazwa nyaya za mtandao, zikafukiwa, zikachimbwa tena. Palipokuwa na ghala la magunia pakasimama jengo la vioo. Vijana wenye mabegi mgongoni waliingia humo asubuhi na kutoka jioni. Mama Sauti aliwaona akipita, lakini hakujua wanafanya nini. Mumewe naye hakujua, ila jibu alikuwa nalo. Alisema wanacheza na kompyuta, na ajabu ni kwamba wanalipwa.

Siku moja meneja alimwita Mama Sauti. Alimkaribisha kiti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Mama Sauti akajua kuna neno. Meneja alimweleza kwamba ofisi imenunua mtambo mpya wa simu. Mtambo huo utapokea simu wenyewe. Utamwambia mteja abonyeze namba, kisha utampeleka anakotaka. Mwisho wa mwaka swichibodi itaondolewa, na yeye atapewa kiinua mgongo chake. Meneja alisema anasikitika. Huenda alisikitika kweli.

Mama Sauti alishukuru. Alirudi kwenye chumba chake, akapokea simu iliyokuwa inalia.

Jioni aliwaeleza mumewe na bintiye. Mume alikuna kidevu. Mwisho akasema, "Hicho kiinua mgongo kitauinua mgongo miezi michache tu. Kisha utarudi chini."

Alishauri wafungue genge. Mama Sauti alisema mtaa ule una magenge mengi kuliko wanunuzi. Binti akadokeza kwamba kampuni za jengo la vioo zinatafuta watu. Baba yake akacheka. Alisema kompyuta ni za watoto waliokua nazo, si za mtu aliyekua na swichibodi. Maneno yale yalimchoma Mama Sauti, na usiku ule hakupata usingizi mapema.

Aliamua kujaribu. Kila jioni aliazima simu ya bintiye na kutazama video za watu wanaoeleza mambo ya kompyuta. Alikariri maneno: seva, wingu, data, mfumo. Aliyarudia akiosha vyombo. Kisha akapeleka maombi kwenye kampuni moja, naye akaitwa kwenye usaili.

Waliomsaili walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke. Walikuwa na adabu. Mwanamume alimpa swali moja. Alisema, "Mteja amepiga simu. Anasema programu yetu haitaki kufunguka. Utaanzia wapi?"

Mama Sauti akaanza. Alitaja seva, akataja wingu, akaja kwenye data. Maneno yalitoka kwa mpangilio, kama shairi la shule. Yule mwanamume alimwacha mpaka akamaliza.

"Nimekusikia, mama," alisema. "Ila mteja bado yuko kwenye simu."

Wakamshukuru Mama Sauti, wakamuaga. Alishuka ngazi akiwa ameshika ukuta, ingawa lifti ilikuwepo.

Kwenye ghorofa ya juu ya nyumba waliyopanga alikaa msichana mmoja aliyefanya kazi katika jengo la vioo. Wapangaji walimwita Mhandisi. Kesho yake alimkuta Mama Sauti akianika nguo kwenye paa la nyumba. Alimwamkia, Mama Sauti akaitikia bila kugeuka. Mhandisi akaona kwamba jirani yake amebana vibanio vyote kwenye shuka moja.

"Mama, hilo shuka limekukosea nini?" aliuliza.

Mama Sauti akamweleza habari yote, tangu ofisi ya meneja mpaka swali la usaili. Msichana alisikiliza huku akilipunguzia shuka vibanio.

"Kwanza, mimi si mhandisi," alisema. "Mmeniita tu, nami nikaitika. Mimi ni mpimaji wa programu. Wenzangu wanatengeneza programu, mimi naijaribu. Nabonyeza pasipobonyezwa. Naandika jina mahali pa namba. Kazi yangu ni kuiharibu mapema, ili mteja asije akaiharibu yeye."

"Na unalipwa kwa kuharibu?"

"Nalipwa, mama."

Mama Sauti alicheka. Wiki ile hakuwa amecheka.

Mhandisi akamweleza kwamba watu wengi hukosea hapo. Hudhani kazi za teknolojia ni moja tu, ya kuandika programu. Kumbe ziko nyingi. Wapo wanaolaza nyaya na kufunga vifaa vya mtandao. Wapo wanaolinda mifumo isiingiliwe na wezi. Wapo wanaopanga taarifa, na wapo wanaochora jinsi kurasa zitakavyoonekana. Na wapo wa dawati la msaada, wanaopokea simu za watu waliokwama.

"Mji ukikua, kompyuta zinaongezeka," alisema. "Leo duka linauza kwa kompyuta, shule inaandika alama kwa kompyuta. Basi na waliokwama wanaongezeka. Ndiyo maana kazi ile ipo. Mama, nusu ya kazi hiyo unayo tayari. Unajua kumsikiliza mwenye hasira bila wewe kukasirika. Nusu ya pili huna. Nayo haikaririwi. Inashikwa kwa mikono."

Mama Sauti aliuliza kuhusu umri wake. Msichana hakumficha. Alisema wapo watakaomkataa kwa sababu ya umri, na wapo wasiojali. Alisema pia kwamba si kila anayesoma hupata kazi, na kwamba kazi hizi nazo hubadilika. Mtu akiipata, asikae akadhani amefika. Tena ajihadhari na matapeli. Mtu anayeahidi kazi nono baada ya mafunzo ya wiki moja anataka kula jasho la wengine.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alimalizia.

"Nimekwisha inama, mwanangu," Mama Sauti alisema. "Ni mvungu wenyewe tu, siujui uko wapi."

Mhandisi akamwelekeza kwenye chuo cha ufundi. Kilikuwa na masomo ya jioni kwa watu wenye kazi zao. Walifundisha matumizi ya kompyuta, misingi ya mtandao, na namna ya kuwasaidia watumiaji. Mama Sauti alikwenda kuuliza kwanza. Aliongea na mwalimu. Aliongea pia na watu waliokwisha maliza, akawauliza wanafanya kazi wapi. Aliporidhika, akajiandikisha.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Kipanya kilimkimbia mezani. Vidole vyake vilitafuta herufi moja moja, kama kuku anayedonoa punje. Wanafunzi wenzake walimwita Shangazi. Alikuwa akiuliza swali, akijibiwa, kisha akiuliza lilelile tena, mpaka aelewe. Vijana wawili walichekacheka. Mwalimu aliwauliza kama wao jibu wanalijua. Hawakulijua, basi wote watatu wakasikiliza.

Nyumbani mambo yalibadilika. Siku za masomo, mume alirudi kutoka karakana na kukuta jiko halijawashwa. Alinung'unika, kisha akawasha. Alichomelea chuma miaka mingi, lakini wali ulimshinda kwa muda. Siku za mwanzo ulikuwa uji, baadaye ukawa mkavu kama kokoto. Binti alikula bila kusema neno. Alikuwa ameonywa na mama yake.

Mwalimu aliwaambia wajizoeze kwa matatizo ya kweli. Mama Sauti akawatangazia wapangaji wenzake. Mwenye simu iliyojaa picha alikuja. Aliyesahau neno la siri alikuja. Fundi cherehani wa chini alileta kompyuta ya mwanawe iliyokuwa inazimika yenyewe. Mama Sauti alijifunza kuuliza kwa utaratibu. Uliona nini kwenye skrini? Kabla ya hapo ulibonyeza wapi? Jana ilikuwa inafanya kazi? Mengine aliyatatua. Mengine yalimshinda, akampelekea Mhandisi na kukaa kando kuangalia.

Swichibodi iliondolewa wakati masomo yake yanakaribia kwisha. Alipewa kiinua mgongo chake na chai ya kumuaga. Chuo kilimtafutia nafasi ya mazoezi ya kazi kwenye kampuni iliyotengeneza programu ya shule. Kampuni ilisema wazi kwamba ikiridhika naye itampa mkataba. Isiporidhika, watapeana mikono ya kwaheri.

Alianza vizuri. Walimu na makarani waliopiga simu walimpenda. Kisha siku moja karani wa shule alipiga simu. Sauti yake ilikuwa juu. Alisema amekuwa akiingiza alama za wanafunzi tangu asubuhi, na sasa programu imeganda. Wazazi wanakuja kuchukua matokeo kesho.

Mama Sauti alitazama huku na huku. Msimamizi wake alikuwa kwenye kikao. Hili tatizo hakuwahi kuliona. Lakini karani alikuwa anahema kwenye simu, naye hakutaka kuonekana hajui. Akamwambia aifute programu, kisha aiweke upya.

Karani alifanya hivyo. Programu ilifunguka. Alama zote za siku ile hazikuwemo.

Mama Sauti angeweza kusema kompyuta ya shule ndiyo mbovu, na hakuna ambaye angejua. Wazo hilo lilimjia, akaliona lilivyo, akaliacha. Alimwambia karani, "Kosa ni langu. Nilikuambia kitu nisichokuwa na hakika nacho. Nipe muda, nitakupigia." Kisha akaenda kugonga mlango wa chumba cha kikao.

Msimamizi wake, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alitoka naye. Walitafuta nakala za akiba. Walipata alama za wiki nzima, ila za siku ile hazikuwa zimehifadhiwa. Mama Sauti akaomba ruhusa ya kwenda shuleni. Alikaa na karani mpaka giza likaingia, mmoja akisoma karatasi za mitihani, mwingine akiandika. Karani alikuwa amenuna. Walipomaliza alimpa maji ya kunywa, akamsindikiza mpaka getini.

Asubuhi Mama Sauti alikwenda kazini akiwa amejiandaa kufukuzwa. Msimamizi alimweka chini.

"Kutojua si kosa," alisema. "Kukisia ndilo kosa. Na kama ungenyamaza, tungekuwa tunapeana mikono sasa hivi. Kuanzia leo, usipojua, sema hujui. Mwambie mteja utampigia saa ngapi. Uliza, halafu mpigie."

Mama Sauti alifuata hivyo. Alipotatua tatizo, aliandika lilivyokuwa na lilivyotatuliwa, ili mwenzake akikutana nalo asianze upya. Mazoezi yalipokwisha, alipewa mkataba.

Siku hiyo mumewe alipika. Wali ulikuwa umeiva sawasawa. Alisema yeye alijua tangu mwanzo kwamba mkewe atapata. Binti akamtazama, akajaza kijiko mdomoni ili asicheke. Mshahara mpya ulilipa kodi na ada kama ule wa zamani, ukabaki kidogo. Mama Sauti alitumia hicho kidogo kujiandikisha kwa masomo mengine, ya mtandao. Alikumbuka kwamba kazi hizi nazo hubadilika.

Kampuni ilizidi kukua, shule zikaongezeka, dawati la msaada likaongezewa viti. Mwaka uliofuata aliajiriwa msichana aliyetoka chuo kikuu. Kompyuta aliijua vizuri kuliko Mama Sauti, na katika mambo kadhaa ndiye aliyemfundisha Mama Sauti. Ila simu alikuwa anaiogopa. Ilipolia mara ya kwanza, aliitazama tu.

"Shangazi," alisema, "akiniuliza nisichokijua je?"

"Atakuuliza," Mama Sauti alisema. "Mwambie hujui, na mwambie utampigia saa ngapi. Saa hiyo ikifika, mpigie, hata kama jibu hujalipata."

Msichana alivuta pumzi. Kisha akapokea simu.