Uzi Mwekundu kwenye Kofia ya Hamed

Kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia mfuniko wa kopo ukitetema chumbani. Ulitetema kidogo, ukanyamaza. Nikadhani panya, nikawasha taa. Panya sikumwona. Juu ya mfuniko ilikuwepo simu tu, ile ambayo mjukuu wangu Dalal aliachiwa na mama yake kwa ajili ya masomo. Nikaiweka kando na kulifungua kopo, kwani ndani yake mlikuwa na kofia ambayo Dalal alikuwa akimshonea mjomba wake Hamed.

Haikugugunwa. Lakini nilipohesabu vitobo, havikutimia. Kila ua la kofia ile lina vitobo vinane, na kila kitobo huzungushiwa uzi. Ua la jana lilikuwa na vitobo saba.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, na nikaha ya Hamed, kufungishwa ndoa yake, ilikuwa Ijumaa. Alikataa kununua kofia sokoni Darajani. Alimwambia kila mtu kwamba atavaa iliyoshonwa na Dalal, mtoto wa miaka kumi na mitatu. Na kitambaa cha kofia hakivumilii kufumuliwa mara nyingi. Mwisho huchanika, na hapo tena hapana dawa.

Dalal alipoamka aliapa kwamba alihesabu vinane. Tukafumua polepole, akashona upya. Jumanne asubuhi nikakuta ua jingine, hili lina vitobo tisa.

"Bibi, kuna mtu anaichezea kofia yangu," alisema Dalal. "Na anayeingia humu ndani ni mmoja tu."

Alikuwa akimsema Mize, rafiki yake wa mtaa wa Michenzani. Shule zilikuwa zimefungwa, na Mize alikuja kila alasiri na kofia yake wakashona pamoja. Kofia ya Mize ilikuwa karibu kwisha. Dalal akasema huyo ana choyo, hataki ya mwenziwe nayo iishe.

Nilimkanya asiseme asichokiona. Lakini shaka ikishaingia nyumbani, hata mimi mzee ilinipata. Macho yangu hayaoni tena tundu la sindano, na Mize, bila ya kuombwa, alikuwa akinitungia sindano sita kila siku kabla ya kuondoka. Alasiri ile sikuuona wema wake. Niliona mikono yake ndani ya kopo letu, nikaikodolea macho.

Mize akasita.

"Bibi, kuna kitu kimepotea?"

Nikasema hapana. Dalal akadakia, "Hakuna kilichopotea. Kuna kilichoharibiwa."

Mize alimaliza kutunga sindano ya sita, akanipa mkono wa kwaheri, akavaa ndara zake. Jumatano hakuja.

Hakuja, na bado ua ambalo Dalal alilishona Jumatano asubuhi lilikuwa na vitobo saba. Nikaliangalia kwa muda mrefu. Kisha nikamkatia Dalal vipande vya uzi mwekundu, nikamwambia kila atakapoiweka sindano chini, kwa sababu yoyote ile, afunge kipande kimoja pale alipoishia.

Alicheka. "Bibi umekuwa askari wa upelelezi?"

"Funga tu, mwanangu."

Nikakaa karibu yake nikichagua mchele. Simu ikalia, mtu wa kundi la darasa lao kaleta kichekesho. Akafunga uzi, akacheka, akarudi kushona. Ikalia tena, Khairat wa darasa lao anauliza atavaa nini harusini. Kisha binamu yake kaleta video, na video moja ikazaa nyingine tatu. Baadaye haikulia kabisa, lakini aliichukua mwenyewe kuangalia kama imelia.

Ilipokaribia magharibi alikuwa na maua mawili na nyuzi nyekundu saba. Nikamwambia ahesabu. Maua yote mawili yalikuwa na makosa, na kila kosa lilikuwa ubavuni mwa uzi mwekundu.

Dalal alikigusa kitobo kimoja kwa ncha ya kidole. "Hapa nilikuwa kwenye cha tano," alisema polepole. "Nikamjibu Khairat. Niliporudi nikaendelea na cha saba." Akaiweka kofia mapajani. Halafu akasema, "Mize hata hakuigusa."

Usiku ule simu ililala kabatini. Alhamisi baada ya sala ya alfajiri Dalal akafumua na kushona upya, simu imezimwa, tukakubaliana ataiwasha akishamaliza sehemu yake ya siku. Kufika adhuhuri maua yote yalikuwa sawa, limebaki moja. Alitaka alimalize kwanza. Nikamwambia kofia inaweza kungoja saa moja, jina la mtu haliwezi.

Tukaenda Michenzani, Dalal kaichukua kofia na sindano yake, tukapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Mize alifungua mlango, akaniamkia, "Shikamoo Bibi," wala hakumtazama mwenziwe.

"Nnakuja kukuomba radhi," alisema Dalal. "Aliyeharibu kofia ni mimi. Nilikuwa nashona huku nachezea simu, nikakusingizia wewe."

"Na mimi nilikutazama vibaya," nikasema. "Unisamehe, mwanangu."

Mize akautazama uso wa Dalal, kisha kofia. "Maua hayo yenye makosa niliyaona tangu Jumapili," alisema. "Niliogopa kukwambia, ungenuna."

"Ningenuna," Dalal akakubali, wakacheka wote wawili.

Ua la mwisho lilishonwa pale pale sebuleni, Dalal anashona, Mize anahesabu kwa sauti. Lilikuwa na vitobo vinane, na kofia ikawa tayari kabla ya magharibi. Nikawaambia kwamba simu si mbaya, ina wakati wake, na kazi nayo ina wakati wake. Ukivichanganya, kazi huharibika, na kazi ikiharibika mtu hutafuta wa kumlaumu kabla ya kuitazama mikono yake mwenyewe. Dalal aliinamisha kichwa. Mimi pia yalinihusu.

Mize alitusindikiza mpaka kwenye ngazi, akanishika mkono nisiteleze.

"Bibi, mje tena Jumamosi, harusi ikishapita," alisema. "Kushona peke yangu kumenichosha."