Nyumba ya Mwezini Kule Rasbura

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baraza la duka la Mehboob mjini Lindi lilikuwa halipitiki. Wanunuzi walikanyagana, redio mpya zilishindana kelele, na Helena, fundi cherehani, alikuwa ameinamia gauni la kipaimara. Ghafla kijana mmoja akamwangushia mezani furushi la viroba vitupu.

"Dada, naomba uniunganishie hivi. Uwe mfuko mmoja mrefu kama chatu."

Helena aliinua macho. Shati jeupe lililonyooshwa pasi, na viatu vilivyojaa mchanga. Simu ya mkononi, nene kama kipande cha sabuni, ilining'inia kiunoni.

"Kaka, mimi nashonea watu. Chatu mpeleke kwa fundi viatu."

"Fundi viatu hana macho kama yako."

"Kwani macho ndiyo yatakayoshona?"

"Macho ndiyo yatakayonirudisha kesho."

Na kesho yake alirudi. Aliitwa Ignasi, mtoto wa Newala, aliyesomea uchoraji wa majengo Dar es Salaam. Marehemu mama yake alimwachia kiwanja Rasbura, na hapo ndipo alipokuwa anajenga.

"Unajenga nini cha viroba?" Helena alimuuliza.

"Nyumba ya mwezini."

"Usinitanie bwana."

"Haki ya Mungu, mpenzi."

"Nimekuwa mpenzi tangu lini?"

"Tangu kiroba cha pili. Cha kwanza nilikuwa naogopa."

Alimweleza taratibu. Chuo kimoja cha ng'ambo kiliitisha mashindano ya nyumba ambazo watu wataweza kuishi mwezini. Kule hakuna hewa, jua linababua, na huwezi kupakia saruji kwenye roketi. Basi Ignasi aliwaza kutumia udongo wa hukohuko: unajaza mfuko mrefu, unauzungusha, unapanda juu mpaka paa lifunge.

"Kama bibi anavyopandisha chungu," Helena alisema.

Ignasi alimkazia macho, na Helena akajichoma sindano.

Tangu hapo simu ya dukani haikupoa. "Helena!" mke wa Mehboob, Kulsumbai, alikuwa akiita kutoka ndani, bangili zikilia. "Mtu wako wa mwezini!" Na Helena aliukimbilia mkono wa simu huku tepu ya kupimia ikimning'inia shingoni.

Kwa watu wa Helena, mjomba ndiye anayemtoa binti. Na kabla hajapokea posa, mjomba hupita kimyakimya, bila kujitambulisha, kuiona nyumba ambayo kijana ameijenga. Ignasi aliposema anataka kuposa, Helena alituma salamu kwa mjomba, kijijini kwao Kilangala, kwamba kijana anajenga Rasbura. Nyumba ya namna gani, hakusema. Aliona aibu kuanza habari za mwezi kwa mtu wa salamu.

Mjomba Likwata akashuka mjini na koti lake la kaki. Alikuta kichuguu kikubwa cha viroba kilichofukiwa udongo isipokuwa kileleni, na kitundu cha kuingilia kwa magoti. Ignasi, akidhani ni mzee mpita njia, alimwamkia shikamoo na kumtembeza kwa fahari.

"Dirisha liko wapi, kijana?"

"Haina dirisha, mzee. Jua la huko linaua."

"Na jiko?"

"Moto hauwashwi humu. Unakula hewa."

"Mgeni akija?"

"Nani atakuja, mzee?" Ignasi alicheka. "Ukishaingia humu ndugu unawasahau."

Mzee Likwata alijipangusa magoti, akaondoka bila kuaga.

Jioni hiyohiyo alimkuta Helena barazani. "Jumatatu tunarudi Kilangala. Nimeiona nyumba yake. Ni kaburi, tena halina hata msalaba. Na amesema kwa kinywa chake kwamba ndugu zako utawasahau."

Helena alijifunika uso kwa khanga. Simu ya dukani ilipolia alitikisa kichwa. "Mama, mwambie sipo."

"Anasema hayupo!" Kulsumbai alimpigia kelele Ignasi. "Na analia!"

Ignasi alikuja mbio, shati nje.

"Nimekukosea nini?"

"Umemwambia mjomba wangu nitawasahau ndugu!"

"Mjomba gani?" Kisha akakumbuka. "Yule mwenye koti la kaki? Helena, ile nyumba ya mashindano! Ya kwetu mimi na wewe sijaanza hata msingi."

"Mimi nitajuaje? Kila siku mwezi, mwezi! Ya kwetu umewahi kuitaja?"

Ignasi hakuwahi.

Alikwenda kupiga magoti kwa mjomba, pale alipofikia, na kueleza yote. Nyumba ilitakiwa ijaribiwe na watu wawili, mlango umezibwa, tangu Ijumaa mpaka Jumapili jioni, na majibu yatumwe Jumatatu. Brighton, mwenzake, alikuwa ameugua malaria. "Lakini hilo si shida yako, mzee. Nimekuja kwa ajili ya Helena."

Mjomba alimtazama kama anayepima mbuzi. "Nitaingia mimi. Nataka nikuone mlango ukiwa umefungwa."

Basi wakaingia, na Helena akaziba mlango kwa viroba, hewa ikibaki kupita kwenye bomba moja la juu, na kukaa nje na simu ya Brighton. Sauti ya mwezini huchelewa kufika, kwa hiyo kanuni ilikuwa kila mmoja anyamaze kidogo kabla ya kujibu.

"Mjomba, umekula?"

Kimya.

"Nimekula mihogo ya baridi. Huyu mwenzangu anakoroma."

Jumapili mchana, jua likiwa utosini, Helena alisikia kishindo kizito ndani. Alipiga simu.

"Ignasi! Kuna nini?"

Kimya. Alisubiri kama kanuni ilivyotaka. Akasikia kikohozi cha mjomba, kikavu, kisichokoma.

"Ignasi?"

"Acha kusubiri! Jua limekula viroba vya juu, vimepasuka. Mchanga umeziba bomba la hewa. Fungua!"

"Nikifungua umeshindwa. Zimebaki saa chache..."

"Mjomba wako hapumui vizuri! Helena, fungua mlango!"

Alitupa simu. Alivuta viroba kwa kucha, khanga ikimvuka, mpaka mkono ukatokea. Ulikuwa wa mjomba. Ignasi alikuwa nyuma akimsukuma, mchanga umemfika kiunoni. Waliposhirikiana kumtoa na yeye, paa lote likaporomoka nyuma yake kwa sauti kama ya mtu anayeshusha pumzi.

Wote watatu walikaa chini, weupe kwa vumbi. Ignasi aliitazama kazi yake ya mwaka mzima. Helena alimshika mkono mbele ya mjomba wake, na hakuuachia.

Mzee Likwata alitema mchanga, akakohoa, akanywa maji. Kisha akakaa vizuri, akafunga vifungo vya koti lake kama yuko barazani kwa watu.

"Helena."

"Abee, mjomba."

"Huyu kijana unamjua?"

Ndivyo mjomba anavyomuuliza binti siku ya posa, mbele ya ukoo. Helena alitazama huku na huku. Hapakuwa na ukoo wala kitambaa cha mezani, ila machozi yanayochora njia kwenye vumbi la shavu la Ignasi.

"Namjua, mjomba."

"Nimpokee?"

"Mpokee."